Wadau, wanyama wangu wa katuni niwachore na masharubu ama niache?

mchoraji_nax: Niko Nakuru nachora kitabu cha hadithi za watoto, sungura amevaa shati, fisi amevaa koti, wanatembea na miguu miwili na wanaongea kama watu. Shida ni masharubu. Nikimwekea sungura anakaa mzee wa kanisa, nikitoa anakaa mtoto amevalishwa masikio marefu. Na fisi nataka aogopeshe kidogo. Kitabu kitaprintiwa kidogo, nusu ya daftari hivi. Nisaidieni, nimefuta hadi karatasi imetoboka.

kalamu_ya_kondele: Toa. Mickey Mouse hana tangu 1928 na hakuna mtu huuliza huyo ni mnyama gani, masikio yanatosha.

mama_rangi: Si hivyo tu kalamu. Angalia Hello Kitty wa 1974, hana mdomo lakini masharubu anayo, matatu kila upande, ukiyatoa uso unabaki mtupu. Kwa hivyo angalia uso wako una nini tayari. Kama sungura ana mdomo wa kuongea, meno na nyusi, masharubu yatapigania nafasi na huo mdomo, na mdomo ndio mtoto anaangalia.

fremu12: Kwa animesheni sisi hutoa juu ya kazi, ukichora picha 12 kwa sekunde na masharubu sita hiyo ni laini 72 kila sekunde kwa mhusika mmoja. Lakini wewe ni kitabu, hiyo isikusumbue.

dunga_sketch: Jaribu madoa peke yake, pale nywele zinapoota. Simba kila mmoja ana mpangilio wake wa hayo madoa na watafiti huwatambua nayo, kwa hivyo hata ukiacha nywele mnyama bado anaonekana. Nywele zenyewe mpe fisi, chache, nene, zimepinda, na uchore kwa saizi ile ile ya kuprinti juu laini nyembamba zitapotea.

mchoraji_nax: Nimejaribu madoa matatu kila shavu, sungura amekaa poa sana!! Asanteni. Sasa mama yake nimwache bila? Naogopa watoto watadhani ni baba.

mama_rangi: Mpe pia, dada, sungura jike ana masharubu sawa na dume, ni ya kupapasia njia gizani. Umama wake uonyeshe kwa leso na vile anamshika mtoto.