Mdogo wangu anaanguka, ni kifafa au?

Wakuu, nipo Majengo Moshi, mdogo wangu ana miaka 14, mwezi huu kaanguka mara mbili, anakakamaa anatoa povu halafu analala fofofo, bibi anasema karogwa, nifanyeje?

— Pole sana ndugu, huo sio uchawi. Mpeleke hospitali ya KCMC hapo Moshi, na akianguka tena mrekodi kwa simu, daktari akiona mwenyewe inamsaidia kuliko maelezo. Mlaze ubavu, kijiko mdomoni usimtie jamani!! Zikipita dakika 5 bado anatetemeka kimbiza hospitali.

— Mi wa Arusha, natumia kabamazepini, dawa ya kifafa, mwaka wa tatu sijaanguka, ila asiache dawa ghafla. Muulizeni daktari pia kuhusu tegu, mnyoo wa nguruwe, mayai yake yakimezwa kwa uchafu minyoo michanga inafika mpaka ubongoni na kuleta kifafa.

— Asanteni, kesho asubuhi tunaenda.