Safari za kundi kwa pikipiki kwenda mikutano ya bikers: tupeane uzoefu

Mleta uzi (Dar)
Wakuu, heshima mbele. Mimi na washikaji tunajipanga kwenda Arusha kwenye mkutano wa bikers, watu wa Bongo na wenzetu wa Kenya. Tunatokea Dar na pikipiki za kila aina: BMW GS moja, Honda mbili za cc 250, TVS, na Boxer 150 ya jamaa ambaye siku zote anaipigia bodaboda. Barabara tunaijua. Ninachotaka ni visa vya kundi lenyewe: nani alitangulia, mlipotezana wapi, nani alinuna. Nionavyo mimi, lami ya kutoka hapa mpaka Arusha haimsumbui mtu. Wanaosumbuana ni marafiki.

Naanza na changu. Tulikuwa tunakwenda Iringa, tukaingia Mikumi asubuhi. Ile barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita kama 50, na vibao vya faini za kugonga wanyama vipo, vinatosha kumtuliza mwenye haraka zake. Jamaa wa mbele akaona twiga, akafunga breki katikati ya lami ili atoe simu apige picha. Nyuma yake tupo sisi wote, na nyuma yetu lori linapiga honi kama limechanganyikiwa. Hakuna aliyeumia. Ila kuanzia pale mpaka Ruaha Mbuyuni watu hawakusemeshana, na hata vitunguu kila mtu alinunua kivyake.

Mdau wa Muheza
Mkuu, huyo wa Boxer mweke mbele, usibishane na mtu. Sisi tulikwenda hivyo, wenye piki kubwa wakalalamika eti mwendo wa 70 unawatia usingizi. Tukawaacha walalamike. Kufika Segera wao ndio walioingia sheli, kufika Same wao tena. Boxer tenki lake ni lita 11 na lita moja inakwenda zaidi ya kilomita 40, kwa hiyo mwenyewe kila kituo yuko kivulini anamenya chungwa, anawasubiri waungwana wajaze.

Mdau wa Kibaha
Kabla ya nani atangulie, amueni mnapita wapi. Njia ni mbili: Chalinze, au Bagamoyo mkatokee Msata. Kundi letu liliagana kwa maneno ya "tukutane mbele", nusu wakashika huku, nusu kule. Waliopita Bagamoyo wakakaa Msata wanapiga simu, waliopita Chalinze wako kwenye foleni ya malori na simu haisikiki ndani ya helmeti. Walipokutana kila upande ulikuwa umeshashawishika kwamba wenzao wamepata ajali. Kulikuwa na kukumbatiana kwanza, halafu matusi.

Mdau wa Mbeya
Mnaongelea wa mbele tu. Safari ni mkia. Wa mwisho awe mtu mtulivu, mwenye spana na vifaa vya pancha, asiye na hamu ya kuovateki.

Tulikuwa tunapanda Kitonga. Mnapajua: malori yanakwenda gia ya kwanza, moshi kona hadi kona, na kuovateki kwa kubahatisha hakuna. Pikipiki ya katikati ikala msumari, tairi la nyuma. Mwenyewe akawa anawasha taa, anapiga honi, wa mbele yake hatazami kioo. Aliyemwona ni mkia. Wakajibanza pembeni kabisa. Tairi lilikuwa lisilo na tyubu, kwa hiyo mkia akachomoa msumari kwa koleo, akalikwangua tundu, akasokomeza ile kamba ya kuzibia yenye gundi mpaka mikono ikamtetemeka, akakata mabaki kwa wembe, akajaza upepo kwa pampu ya mguu, kisha akatema mate juu yake aone kama yatatoa mapovu. Hayakutoa. Sisi wa mbele wakati huo tuko Ilula tunakunywa soda, hatuna habari.

Toka siku ile kila mtu anamchunga wa nyuma yake kwenye kioo. Asipomwona anapunguza mwendo, na wa mbele yake akiona hivyo naye anapunguza, mpaka kapteni mwenyewe anajikuta yuko peke yake na inabidi asimame.

Dada wa Moshi
Kaka zangu, msiusahau upepo wa Same mpaka Mwanga. Unakuja wa ubavuni. Ukipishana na basi unakatika ghafla, basi likishapita unakurudia kwa nguvu zote, na piki nyepesi inahama njia. Dawa yake ni kulegeza mikono na kulibana tenki kwa magoti. Ukikaza usukani ndiyo unayumba zaidi. Na msiende bega kwa bega hapo. Mmoja kushoto mwa njia, anayefuata kulia kidogo, kila mtu awe na nafasi ya kuyumba bila kumgusa mwenzake.

Kisa changu ni cha kufika. Kijana wa usajili pale uwanjani akaniangalia, akauliza, "Dada, shikamoo, dereva wako yuko wapi?" Nikamkabidhi helmeti yangu, kioo kimejaa wadudu kuanzia Korogwe. Akaandika jina langu bila neno lingine.

Mdau wa Nairobi
Sisi hushuka huko kupitia Namanga. Kituo cha mpaka ni kimoja, nchi zote mbili mnahudumiwa pamoja, lakini hakuna kitu huchelewesha watu kama kitabu cha nduthi, yaani kadi ya pikipiki. Mmoja wetu alikuja na nduthi ya shemeji yake bila barua ya mwenyewe. Tulikaa pale mpaka barua ikatumwa kwa simu, na wale walikuwa na haraka wakatangulia, kundi likavunjika. Hadi leo kuna wawili hawasalimiani. Nyinyi wa Dar hamvuki, ila mkishawishika kurudi na sisi Nairobi, chukueni ile bima ya Yellow Card ya COMESA mapema. Bima ya nyumbani pekee haivuki mpaka.

Mdau wa Ngara
Huku kwetu tunavukia Rusumo kwenda Kigali, na Rwanda wanaendesha kulia. Pale darajani kila mtu yuko makini, hakuna anayekosea. Hatari iko asubuhi ya pili, mnatoka sheli, barabara tupu, hakuna gari la kukukumbusha. Kapteni wetu akatoka akashika kushoto kama yuko Benaco, na kundi zima likamfuata kwa adabu. Aliyetuokoa ni dereva wa "moto", ndivyo wanavyoita bodaboda pale, alitupungia mikono yote miwili. Kundi linaamini sana mtu wa mbele, hilo ndilo tatizo lake.

Mdau wa Dodoma
Samahani wakuu, mkishafika mnafanya nini zaidi ya kelele za ekzosti?

Mdau wa Arusha
Mkuu wa Dodoma, kelele zipo, sikatai, na wanaochoma matairi mpaka wanafunika nyama choma kwa moshi mimi pia wananikera. Ila ungekuja uone mashindano ya mwendo wa taratibu. Unapewa njia nyembamba, anayefika wa mwisho ndiye mshindi, mguu ukigusa chini umetoka. Mwaka niliohudhuria, wenye piki za milioni kadhaa waliweka mguu chini mmoja baada ya mwingine. Akabaki bodaboda mmoja wa Boxer, mtu wa foleni za kila siku. Vidole viwili kwenye klachi, ncha ya kiatu inaigusa breki ya nyuma na kuiachia, injini inanguruma kidogo tu, piki ni kama imesimama. Watu walinyamaza kwanza, kisha wakaanza kumwimbia. Zawadi ilikuwa helmeti mpya, akaivaa hapo hapo juu ya kofia yake ya pamba.

Mleta uzi (Dar)
Nimemsomea jamaa yetu wa Boxer hiki kisa. Sasa anasema hatangulii bure, anataka tumlipie mafuta mpaka Arusha. Tenki moja na nusu, wakuu, tumekubali. Mkuu wa Mbeya, pampu ya mguu nimeinunua Kariakoo leo. Bado naomba visa vya safari ya usiku, maana kuna wawili wanang'ang'ania tuondoke saa tisa usiku ili tuwahi, na mmoja wao taa yake ya mbele inawaka akijisikia.