Tulilipia siku sita za theluji Chile, mbili wametuibia mchana kweupe. Naombeni msaada

Wakuu, habari za majukumu. Hasira hii nimeishi nayo wiki mbili, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka.

Tuko sita, Watanzania wanne na Wakenya wawili, wote tunaishi Ujerumani. Kuteleza kwenye theluji tulijifunzia Austria. Mimi na mke wangu tunatumia ubao (snowboard), wenzetu skii, vile vibao viwili vyembamba vya miguuni. Tukajichanga mwaka mzima ili mwezi wa nane, Ulaya ikiwa kwenye joto, twende Andes upande wa Chile ambako wakati huo ni baridi kali. Wakala mmoja wa safari (jina siweki, bado tunalifuatilia suala hili) akatuuzia Jumapili mpaka Ijumaa mlimani Farellones, juu ya jiji la Santiago, kwa euro 1,900 kila mtu, nauli ya ndege mbali.

Kwanza nieleweke: sina ugomvi na mlima. Jumanne ilipiga dhoruba, lifti za juu, zile zinazobeba watelezaji kupanda mlima, zikafungwa, tukashinda ndani tunacheza karata. Hilo nalikubali. Ninachodai ni siku mbili ambazo jua liliwaka na sisi tukazikosa kwa uzembe wa watu tuliowalipa.

Jumapili gari lilikuwa lije saa moja na nusu asubuhi. Limefika saa tano. Sasa sikilizeni. Barabara ya Farellones ni nyembamba, kona 40 na kila kona ina namba yake, na wikendi za msimu wa theluji polisi wanaifanya ya upande mmoja: asubuhi ni kupanda tu, alasiri ni kushuka tu. Santiago nzima inalijua hilo. Na Carabineros, yaani polisi wao, wakitangaza cheni za matairi, zile za kufunga gari lisiteleze kwenye theluji, ni lazima, huna cheni hupiti.

Tukafika kwenye kizuizi cha barabarani, askari akataka kuona cheni. Dereva akafungua buti, akatoa mfuko, akapiga magoti kwenye lile tope la theluji na kuanza kuzungushia tairi la nyuma. Cheni haikufika! Nilikuwa nimesimama naye ubavuni. Kutoka kwenye ndoano mpaka pete ya kufungia ilibaki shibiri nzima. Walimpa cheni za gari dogo, yeye anaendesha gari la abiria kumi na tano. Akavuta mpaka vidole vikachubuka. Kijana wa watu simlaumu kabisa, alikuwa anatetemeka kwa baridi na aibu. Wapo watu pale chini wanaokodisha cheni, tukawakimbilia, saizi yetu wakawa wamemaliza. Kumpigia wakala, simu haipokelewi. Alipokuja kupokea, muda wa kupanda ulishapita. Tukarudi mjini, hoteli tukalipa wenyewe. Anga bluu, na kutoka dirishani tunaiona milima yote nyeupe pee.

Mtu asiyekwenda huko anaweza kusema siku moja tu, mnalia nini. Jamani, eneo lile la katikati ya Chile limekuwa na ukame tangu 2010, kuna misimu theluji inakuja kiduchu. Siku ya jua yenye theluji mpya ndiyo watu wanayoivukia bahari.

Jumatatu tukaamka alfajiri, tukakodi cheni kwa hela yetu, tukafika juu saa sita mchana. Usiku huo Mkenya wetu mmoja akatapika mpaka asubuhi, kichwa kinampasuka. Mliopanda Kilimanjaro mnajua, kufika kambi ya Mandara kwenye mita 2,700 unatembea kwa miguu na mwili unajizoeza taratibu. Kule unatoka Santiago, mita zisizofika 600, na kwa saa moja na nusu za gari uko kwenye hewa nyepesi, halafu lifti inakupandisha kupita mita 3,000. Karatasi zao zote nimezisoma upya. Kuhusu mwinuko hakuna hata mstari mmoja.

Jumatano na Alhamisi tulifurahi, sitasema uongo.

Alhamisi usiku ndipo mke wangu akasoma ratiba ya kurudi. Ndege Jumamosi saa saba mchana, gari la kutushusha Jumamosi saa tatu asubuhi. Jumamosi! Saa za kupanda tu! Wakala anayeuza safari za Farellones hajui barabara ya Farellones. Tulipowabana wakasema gari lililopo ni la Ijumaa saa tatu asubuhi, tukilikosa tujitegemee. Tukashuka huku watu wengine wanapanda na mbao begani. Mke wangu alilia kwenye gari, na si mtu wa kulia.

Halafu lile tangazo lao. Picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya hoteli ya njano kando ya ziwa. Nimekuja kugundua ni Portillo, kando ya Laguna del Inca, walikofanyia mashindano ya dunia ya skii mwaka 1966. Portillo iko barabara nyingine kabisa, ile ya kwenda mpaka wa Argentina! Wametuuzia mlima mmoja kwa picha ya mwingine.

Nimewaandikia barua tatu. Jibu lao: "hali ya hewa na mambo yaliyo nje ya uwezo wetu", na punguzo la asilimia 10 safari ijayo. Cheni kuwa fupi ni hali ya hewa gani?

Nataka turudishiwe hela ya siku mbili, hoteli ya Santiago na kodi ya cheni. Wadau wa Ujerumani, kuna aliyewahi kupinga malipo ya kadi kupitia benki kwa safari iliyovurugwa hivi? Ilichukua muda gani, na walitaka ushahidi wa aina gani? Wawili wetu walilipa kwa kuhamisha hela benki, sijui wao waanzie wapi.

Picha ya cheni ikiwa kwenye tairi ninayo, pengo linaonekana vizuri. Naiweka kwenye komenti ya kwanza.