Naomba ushauri: magazini ya risasi kumi kwa bunduki ya .22, ninunue ya kiwandani au ya watengenezaji wengine?

Mkulima wa Usa River

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninamiliki kihalali bunduki ya BRNO Model 2 inayotumia risasi za .22 LR, ile ya kuvuta bolti kwa mkono, na ninaitumia kulenga shabaha tu, umbali wa mita 50, katika uwanja ulioruhusiwa huku Arusha. Magazini yake ya chuma (kile kikasha kinacholisha risasi), yenye nafasi ya risasi tano, imechakaa kiasi kwamba risasi ya tatu au ya nne huinamisha pua, ikagonga ukingo wa chini wa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inamoingia, na kukwama hapo. Mfanyabiashara mwenye leseni amenieleza kwamba anaweza kuniagizia magazini halisi ya CZ, kiwanda cha Cheki kilichotengeneza bunduki za BRNO, ya plastiki ngumu yenye nafasi ya risasi kumi, au nyingine ya chuma isiyo na jina la mtengenezaji ambayo bei yake ni karibu nusu. Mtandaoni nimeona pia zinazotangazwa kubeba risasi 25. Ningependa kusikia kutoka kwa waliokwisha kuzitumia: ni ipi ya kuaminika, na mnunuzi aangalie nini kabla ya kutoa fedha?

Fundi Tengeru

Kaka, kabla hujanunua chochote, hakikisha kwamba mgonjwa ni magazini na si bunduki. Bunduki nyingi za aina hiyo ni za zamani, na kile kilatchi kinachoshikilia magazini huliwa kidogo kidogo hadi magazini inakaa chini ya mahali pake. Hapo hata magazini mpya kabisa itainamisha pua za risasi. Ukiwa uwanjani, bunduki ikielekea kwenye shabaha, isukume magazini juu taratibu kwa kidole kisha ufunge bolti. Risasi ikiingia vizuri unapoisukuma na kugoma unapoiachia, tatizo liko kwenye kilatchi. Isipobadilika, fungua kitako cha magazini utazame springi: iliyochoka huwa fupi na haina nguvu ya kuinua risasi zilizobaki kwa kasi inayotakiwa. Wakati mwingine springi mpya peke yake inatosha, na haigharimu hata robo ya magazini. Kazi ya kilatchi, hata hivyo, usimpe fundi wa pikipiki. Mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali.

Mzee wa Kibosho

Mdogo wangu, Fundi amesema kweli, nami nitaongeza sababu ya risasi hizi kuwa na tabia ya ukaidi, kwa maana ukiielewa utaweza kuichagua magazini kwa macho yako mwenyewe bila kutegemea maneno ya muuzaji.

Risasi ya .22 LR imekuwapo tangu mwaka 1887 na umbo lake halijabadilika. Ganda lake lina ukingo uliotokeza kitakoni, na baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo huo. Ganda lina kipenyo cha karibu milimita 5.7, ilhali ukingo unafika karibu milimita 7. Ukizipanga risasi kumi moja juu ya nyingine, upande wa nyuma unakuwa mnene kuliko wa mbele, na ndiyo maana magazini ndefu za .22 hupindwa kama mundu. Isitoshe, ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini yake, bolti inapoisukuma ya juu inajaribu kuikokota na ya chini, nazo zinashikana. Kwa hiyo unapojaza, kila risasi unayoiweka ukingo wake uwe mbele ya ukingo wa ile iliyotangulia. Nimewaona watu wakilaumu magazini nzuri kwa sababu ya ujazaji wa haraka haraka.

Jambo la pili ni kwamba risasi hizi nyingi zina kichwa cha madini ya risasi (ledi) matupu kilichopakwa nta. Nta hushika vumbi, na vumbi letu la majivu ya volkano, hasa kuanzia Julai hadi Oktoba, ni laini mno. Linaingia ndani ya magazini, linachanganyika na nta na masizi, na kisukumizi, yaani kile kibao kinachoinua risasi, kinaanza kupanda kwa kusitasita. Magazini ya risasi tano huvumilia uchafu huo. Ya kumi huvumilia kiasi. Kadiri springi inavyokuwa ndefu na mpindo unavyokuwa mkubwa, ndivyo uchafu kidogo unavyotosha kuleta kero.

Sasa, ukiwa dukani, itazame midomo ya magazini, yaani zile kingo mbili za juu zinazoizuia risasi isiruke. Iwe sawa pande zote mbili, isiwe na makovu ya kukatwa vibaya wala ncha kali, kwa sababu ncha kali hukwangua kichwa cha risasi na kukiharibu kabla hakijafika chemba. Midomo iliyopanuka huiachia risasi mapema ikapaa juu. Iliyobanwa huifanya bolti ipite juu yake bila kuichukua. Bonyeza kisukumizi kwa kijiti cha mbao hadi chini kisha kiachie: kinatakiwa kurudi moja kwa moja bila kulala upande. Mwisho, hakikisha kitako kinafunguka, kwani magazini isiyoweza kufunguliwa na kusafishwa haifai katika mkoa wetu, hata ukipewa bure. Kwa vipimo hivyo, mimi ningelipa zaidi nikachukua ya CZ. Ya chuma isiyo na jina inaweza kuwa nzuri, lakini inayofuata kutoka katika boksi hilohilo ikawa mbaya, na huna pa kudai.

Mkulima wa Usa River

Shikamoo mzee wangu, na asante sana kwa maelezo. Nimefanya jaribio la Fundi, na hakuna tofauti nikiisukuma au nikiiachia, kwa hiyo nadhani ni springi na midomo. Bado ninajiuliza juu ya plastiki: je, midomo yake haitaliwa upesi? Na zile za risasi 25, kuna aliyezitumia?

Aliyerudi Moshi

Mimi nilizitumia nilipokuwa nikifanya kazi Marekani, ila si kwa BRNO. Zilikuwa za Ruger 10/22, bunduki ya kujijaza yenyewe iliyotoka mwaka 1964 na magazini ya mzunguko ya risasi kumi. Magazini hiyo ni kazi ya akili sana: kila risasi inakaa katika pengo lake, kwa hiyo kingo hazipati nafasi ya kushikana, na sikumbuki iliwahi kunisumbua. Kwa miaka mingi waliotaka risasi 25 walinunua za watengenezaji wengine, kisha mwaka 2011 Ruger wakatoa yao, BX-25, ambayo mwili wake ni plastiki lakini midomo ni ya chuma. Ilifanya kazi vizuri, ingawa si sawa na ile ya mzunguko. Za wengine nilizoazima uwanjani, zenye midomo ya plastiki laini, zilianza vizuri na kuharibika kadiri midomo ilivyoliwa, na kulikuwa na moja niliyoirudisha kwa mwenyewe siku hiyohiyo.

Hata hivyo usiipeleke hofu hiyo kwa CZ. Bunduki ya kujijaza huipiga midomo kwa nguvu na kasi isiyolingana na mkono wa mtu anayevuta bolti, na plastiki yao ni ngumu. Magazini hizo zinatumika kwenye CZ 452, 455 na 457, na zinaingia pia kwenye BRNO yako. Kuwa makini muuzaji asikupe ya .22 WMR au ya .17 HMR, hizo ni risasi ndefu zaidi na magazini zake ni nyingine.

Wakili wa Njiro

Naomba niingie kwa upande wa sheria, maana neno "mtandaoni" limenishtua. Silaha na risasi hapa kwetu zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo inazitazama hata sehemu za silaha. Kuagiza sehemu ya bunduki kwa kifurushi kutoka nje kama unavyoagiza kava la simu ni kujitafutia kesi, na wauzaji wengi wa Marekani hawatumi nje kwa sababu sheria za kwao nazo zinawabana. Mpitie mfanyabiashara mwenye leseni, lakini kwanza fika ofisi ya OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) ukiwa na kitabu chako cha umiliki, uulize kwa maandishi kama idadi ya risasi unayoitaka inaruhusiwa kwa silaha iliyoandikwa humo. Nakala ya jibu ihifadhi pamoja na leseni. Na kwa wasomaji wengine wenye mashamba: kanga na tumbili wanaokula mahindi yako ni wanyamapori, na leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda.

Shabaha Kwanza

Kwa kulenga shabaha, sioni haja ya risasi 25 hata sheria ikiruhusu. Wachezaji wa biathloni, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, wanatumia .22 LR tangu mwaka 1978 na magazini zao ni za risasi tano. Wale wa mita 50 kwenye Olimpiki wanaweka risasi moja moja kwa mkono. Tena magazini ndefu inagusa meza au mfuko wa mchanga unapolala kifudifudi, nawe bila kujua unaiegemea na kubadilisha pembe ya kuingilia risasi. Kumi ndiyo mwisho wa raha.

Fundi Tengeru

Nakubaliana na waliotangulia. Nunua mbili za CZ za risasi kumi, uzibandike namba moja na mbili, kwa sababu bunduki ikikwama bila namba hutajua ya kulaumu. Zijaribu uwanjani tu, kamwe si nyumbani kwa risasi za moto: anza na risasi mbili, kisha tano, kisha ujaze, na utumie aina ileile ya risasi unayoinunua siku zote. Ikikwama, angalia ni risasi ya ngapi. Ikiwa ya kwanza ndiyo inayogoma, shuku midomo. Ikiwa za mwisho, shuku springi. Ukisafisha, pangusa kwa kitambaa kikavu na uache mafuta, kwani mafuta ndani ya magazini yanakusanya vumbi lile alilolitaja Mzee. Ile ya zamani ya risasi tano usiitupe. Niletee kitako chake nipime springi, nadhani ninayo inayoweza kulingana.