Shemeji ananiigiza kigugumizi sokoni: niseme dharau ama dhihaka?

Maharage_Kadutu: Jambo sana wakubwa. Niko na kigugumizi tangu utoto. Ndugu mdogo wa bibi yangu ananisaidia kuuza maharage hapa soko la Kadutu, Bukavu. Mteja akiuliza bei, nikianza "e-elfu...", yeye anadakia "e-e-e-elfu!" na watu wanacheka. Nikamwandikia baba mkwe: "Mtoto wako ananidharau." Bibi akausoma kabla sijautuma, akasema neno hilo litawasha moto, eti ni utani wa mashemeji tu. Niandike neno gani?

Papa wa Bagira: Utani ni wa watu wawili. Wewe unamtania nini?

Mwalimu mstaafu, Goma: Kuhusu neno, bibi yako ana haki. Dharau inakaa moyoni. Mtu anaweza kukudharau bila kufungua mdomo, anapita tu bila kukuamkia. Unachoeleza ni dhihaka. Limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni kucheka. Kejeli ingekuwa akikusifu kwa kukuchoma: "Shemeji anaongea kama mtangazaji wa redio!" Na kama angesema maharage yako si kitu, huko ni kubeza.

MamaSambaza: Mwalimu, huku mtaani nani anasema dhihaka? Sisi tunasema "ananichekelea", na mzee ataelewa mara moja. Dhihaka ni ya kanisani.

Mwalimu mstaafu, Goma: Kanisani kuna pia "barazani pa wenye mizaha", Zaburi ya 1. Mizaha ile si ya kunywea chai, mama.

Mwana wa Uvira: Anakuigiza mbele yako ama ukigeuka?

Maharage_Kadutu: Zote mbili. Jana nimeinama najaza kopo, nikaona mteja anabana kicheko. Kugeuka, namkuta shemeji amefumba jicho moja, mdomo wazi, shingo imekakamaa. Ndivyo ninavyokuwa neno likikwama.

Mwana wa Uvira: Basi hapo amekung'ong'a. Hilo ndilo neno la ishara za nyuma ya mgongo. Kwangu mimi ndiyo mbaya zaidi, maana huwezi hata kumjibu.

Papa wa Bagira: Ningemwita kwanza nyuma ya magunia, tuongee wawili. Baba mkwe baadaye.

Maharage_Kadutu: Nilishamwita, papa. Alicheka. Sasa nimeandika: "Baba, mtoto ananichekelea kigugumizi mbele ya wateja. Ninaomba uongee naye." Bibi amesoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema niongeze "na nyuma ya mgongo".