KODI SAIDIZI YA YULE BWANA IMENIBAKIZIA BIBI HARUSI KICHWA

MtotoWaNyawera – saa 1:42 jioni

Naandika nikiwa bado natetemeka, msinisahihishe herufi.

Mnamjua. Jina silitaji, la nini? Kila mtu wa kompyuta hapa Bukavu ameshawahi kuambiwa "rahisi tu, kaka" na yule bwana. Ndiye huyohuyo.

"Kichwa si kipo?"

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia leo mchana. Mbele ya mama mzazi wa bibi harusi. Huku anatafuna sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu. Sambaza zangu! Nilizinunua mimi, kwa hela yangu, nikamkaribisha kama mtu.

Haya, nianze mwanzo, ingawa mwanzo hauna uzito, uzito uko kwenye "kichwa si kipo".

Picha zetu za harusi zinakaa kwenye seva, kompyuta ya kuhifadhia, ya studio, mtaa wa Nyawera. Mashine ya kuchapa iko mtaa mwingine, Essence. Miaka miwili napanda na kushuka na flashi mfukoni, mvua yangu, matope yangu. Nikasema basi, nitengeneze mfumo pepe wa faili: kule Essence nifungue folda, picha zionekane kama ziko pale, kumbe zinavutwa kutoka studio kipande kwa kipande.

Kwa ambao hawajui, Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ina kitu kinaitwa FUSE, kimo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) tangu toleo la 2.6.14, mwaka 2005. Kinakuruhusu kutengeneza folda ambayo si folda. Mtu akifungua faili, kerneli haiendi kwenye diski, inakuja kugonga kwako kupitia /dev/fuse: "Hodi, hii ina ukubwa gani? Nipe baiti 131072 kuanzia hapa." Programu yako ya kawaida kabisa, isiyo na cheo, inajibu. Na kerneli inaamini. Ukiiambia folda ina faili elfu, inaamini. Iko kama bibi yangu na watu wa redio.

Majibu yote hayo (ukubwa, orodha, kufungua, kusoma, kufunga) ni kazi ya kuchosha, kwa hiyo nikachukua kodi saidizi ya yule bwana, yaani maandishi ya programu aliyokwisha kuyaandika. "Rahisi tu, kaka, mistari kumi unamaliza." Kweli, kwa mistari kumi nilimalizika.

Nikajaribu pale studio: safi. Picha zinafunguka kama maji. Nikaenda Essence, nikawasha mega za simu, yaani intaneti ya simu, folda ikatokea, majina yote yapo, ukubwa wote uko sawasawa. Umeme ulirudi saa tano usiku, tukachapa haraka kabla haujaondoka tena. Picha moja kubwa ya ukutani, sentimita 60 kwa 90. Sikuikagua kwanza. Najua. Msianze.

Leo mama amekuja kuichukua. Yule bwana naye akaja, eti ajionee kazi yake. Nikaanza kukunjua karatasi kutoka juu. Maua. Nywele za bwana harusi. Shela. Uso wa bibi harusi, anacheka vizuri, mkufu unang'aa. Halafu kijivu.

Kijivu cha saruji! Kutoka kwenye mkufu mpaka mwisho wa karatasi. Bwana harusi kwa kuwa ni mrefu alifanikiwa kufika kifuani. Bibi harusi ni mfupi, ameishia shingoni, kama mtu aliyetumbukia kwenye zege la msingi na bado anacheka.

Na mama hakusema kitu. Aliendelea kukunjua. Polepole, kwa vidole viwili, mpaka chini kabisa, akiamini mtoto wake yuko huko chini.

Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma yangu, na mfupa wa sambaza mdomoni: "Kichwa si kipo?"

KICHWA. SI. KIPO.

---

Kadutu_Mwisho – 1:50

Yo! Mimi nimefungua mbio nikijua ni kodi ya soko. "Kodi saidizi", nikasema Mungu amesikia, leo kodi imeanza kusaidia mtu. Kumbe ni mambo ya masini.

Dada_Muchuzi – 1:52

Pole sana kaka. Sambaza zilikuwa za kukaanga au za mchuzi?

MtotoWaNyawera – 1:53

Dada, inahusu nini?

Dada_Muchuzi – 1:53

Umesema mfupa. Sambaza ya kukaanga vizuri haibakishi mfupa mdomoni.

Muzee_wa_Terminali – 1:58

Kijana, tuliza roho. Picha asili ziko kwenye seva, hazijaguswa, si ndivyo? Kilichokufa ni karatasi. Chapa nyingine. Na siku nyingine, kabla ya kuchapa, sha256sum huku na sha256sum kule, ile amri inayotoa alama ya kidole ya faili, ulinganishe. Dakika moja. Ukubwa unaoonyeshwa kwenye orodha si ushahidi, unaletwa na getattr, jibu la programu kuhusu sifa za faili, na getattr ni maneno tu. Mtu anaweza kukuambia ana kilo themanini na hajapanda mzani.

Umechungulia ndani ya hiyo kodi yake au umekuja kulia tu?

MtotoWaNyawera – 2:06

Nimechungulia, muzee, na ndiyo maana nalia.

Ana kitu amekiita soma_kipande. Kerneli inaomba baiti 131072. Yeye anapokea kutoka kwenye mtandao MARA MOJA, kilicholetwa ndicho anachorudisha. Mtandao ukileta 14480, anasema shika 14480, kwaheri. Hakuna kurudia mpaka zitimie! Na maelezo ya libfuse, maktaba ya FUSE yenyewe, yamesema wazi kabisa: kwenye kusoma, toa baiti zote ulizoombwa, isipokuwa faili imeisha au kuna kosa, la sivyo pengo litajazwa sufuri. Sufuri, muzee. Gauni lile lilishonwa wiki tatu, lina shanga za kushona kwa mkono, limekuwa sufuri.

Nilipomwonyesha akasema "kwangu inaenda". Lazima iende! Kwake seva na folda viko kwenye kompyuta moja, baiti zinavuka kutoka chumbani kwenda sebuleni. Hajawahi kuzipandisha Essence kwa mega za simu.

Halafu yule mama bado ameshika karatasi, na yeye anauliza kichwa.

Binti_wa_Ibanda – 2:11

Yaya, wewe umepoteza karatasi. Keti nikuambie mimi.

TFC yangu, kazi ya kumalizia masomo. Sura tatu. Nilitumia kodi hiyohiyo ili kila nikihifadhi, nakala iende kwenye seva ya rafiki yangu. Programu ya kuandika ikasema imehifadhi, mimi nikaamini, nikafunga, nikalala. Asubuhi kompyuta imekufa. Nikaenda kwenye seva: sura ya kwanza, ya pili. Ya tatu haipo. Hata harufu.

Kumbe yule bwana anapeleka faili wakati wa release, hatua ya mwisho kabisa faili ikishafungwa. Na jibu la release kerneli hailisikilizi! Mtandao ukikatika pale, unaweza kupiga yowe la kosa mpaka kesho, aliyefunga faili hatajua. Kosa lilitakiwa lipigiwe kelele kwenye flush, hatua ya wakati wa kufunga, kwa sababu jibu la flush ndilo linalorudi kwa anayefunga. Nililijua hilo baada ya kulia siku mbili.

Nikamwendea. Unajua alisema nini?

"Sura mbili si zipo?"

MtotoWaNyawera – 2:12

HAPANA.

Binti_wa_Ibanda – 2:12

Naapa kwa mama yangu.

Fundi_Panzi – 2:17

Ngojeni kwanza, ngojeni. Huyo bwana nilimwazima pikipiki mwaka jana. Ameirudisha haina kioo, haina taa, kiti kimepasuka. Namuuliza, ananiambia "Injini si ipo?"

Kadutu_Mwisho – 2:19

😂😂😂 Kumbe ni ugonjwa.

Nguba_Kando – 2:24

Mimi naongeza la kwangu kwenye soma_kipande, maana nimeifungua sasa hivi kuhakikisha kwamba mtoto hadanganyi. Teremkeni chini kidogo. Mtandao ukikatika, ameandika return EIO, yaani rudisha kosa la kusoma na kuandika. Bila alama ya kutoa! Kwenye FUSE kosa linarudishwa likiwa hasi, -EIO, yaani -5. Ukirudisha 5, umeiambia kerneli "nimekusomea baiti 5, zote nzuri".

Kwa hiyo kodi ya yule bwana haina kosa hata moja. Kila kosa ni baiti tano za neema.

Muzee_wa_Terminali – 2:27

Hiyo alama sikuiona. Naondoa neno langu kuhusu karatasi. Huyo akamatwe.

Mgeni_4 – 2:31

Labda watu wangesoma README, maelezo ya mwanzo, kabla ya kulalamika. Imeandikwa kwamba ni kwa majaribio. Kwangu inaenda bila tatizo.

Binti_wa_Ibanda – 2:31

Karibu, bwana.

Fundi_Panzi – 2:32

Karibu sana, bwana. Kioo changu?

Mgeni_4 – 2:33

Mimi siye.

Nguba_Kando – 2:34

Akaunti ina dakika nane. Umeshakula?

MtotoWaNyawera – 2:36

MGENI WA NNE. Mama wa watu ameishika ile karatasi mbele yako. Ulimwona alivyokuwa anakunjua kuelekea chini? Ulimwona vidole? Hata kama kodi ni ya majaribio, mdomo nao ni wa majaribio?

Mgeni_4 – 2:38

Kitaalamu picha ilikuwa asilimia 40 nzima.

Dada_Muchuzi – 2:39

Na sambaza ulikula asilimia ngapi?

Kadutu_Mwisho – 2:44

Jamani mimi nirudi kwenye kodi yangu, ile ya kweli. Leo asubuhi wamepita mara mbili sokoni. Wa kwanza amechukua, ametoa kikaratasi. Wa pili amekuja, namwonyesha kikaratasi, anasema hiki ni cha wale wengine. Namwambia papa, meza ni hiyo moja, nyanya ni zilezile. Ananijibu unajua nini?

Fundi_Panzi – 2:44

"Meza si ipo?"

Kadutu_Mwisho – 2:45

😭😭 Karibu hivyohivyo! "Si bado una nyanya?"

Mutu_wa_Essence – 2:51

Na sisi wa huku mnatusema matope tu. Mvua ya juzi imekula upande mmoja wa njia ya kwetu, gari halipiti, mgonjwa anabebwa mgongoni. Tulipopeleka malalamiko tumejibiwa kwamba upande wa pili uko salama.

Nguba_Kando – 2:52

Nusu ya barabara si ipo?

Binti_wa_Ibanda – 2:53

Huku umeme umeondoka tangu saa tisa. Nguzo si zipo?

Mutu_wa_Essence – 2:54

Nimenunua mega 500 asubuhi, saa saba zimeisha na sijafungua hata video moja. Simu si ipo?

MtotoWaNyawera – 2:57

Ndugu zangu, tulikuwa tunazungumzia harusi. Mama yule ametoka dukani na karatasi kaikunja kwapani, hajasema kama nitamlipa au atanilipa. Mimi nifanye nini kesho? Yupo mtu ana kodi nzuri ya kusoma vipande, inayozunguka mpaka baiti zitimie?

Muzee_wa_Terminali – 3:02

Iandike mwenyewe, ni mistari sita. Unazunguka: pokea, ongeza kwenye hesabu, kama bado hazijatimia rudi upokee tena. Mtandao ukifa rudisha -EIO na ALAMA. Na wakati wa kujaribu, washa programu kwa -d uone kila swali la kerneli na kila jibu lako, utashangaa uongo unaousema. Au achana na yote hayo, panda sshfs, programu iliyo tayari ya kufungua folda ya seva ya mbali. Nayo inatumia FUSE hiyohiyo, ila watu wameshaifia zamani, wewe huhitaji kufa tena.

MtotoWaNyawera – 3:04

Aksanti muzee. Kwa nini hukuniambia sshfs mwezi uliopita?

Muzee_wa_Terminali – 3:05

Uliniuliza? Ulikuwa na mistari kumi.

Fundi_Panzi – 3:09

Mutu wa Essence, hiyo njia iliyoliwa ni ile ya kushukia sokoni au ile ya juu? Kesho nina mzigo.

Mutu_wa_Essence – 3:11

Ya kushukia. Pitia juu, uende mapema kabla malori hayajakwama.

Dada_Muchuzi – 3:12

Nauza sambaza za kukaanga Feu Rouge kuanzia saa kumi jioni. Hazina mfupa wa kubaki mdomoni, na mtu akila anafunga mdomo.

Kadutu_Mwisho – 3:14

Sahani ngapi?

Dada_Muchuzi – 3:14

Njoo, tutaelewana. Sina kodi.

MtotoWaNyawera – 3:18

Yaani hakuna hata mtu mmoja atakayesema neno kuhusu yule mama?

Mutu_wa_Essence – 3:23

Pole kaka. Kwani hiyo studio yenu inapiga na picha za pasi? Mimi nahitaji kichwa tu.