Cheti cha upadri cha mjomba kimerudishwa, na harusi ni Trinity ya Copley

Mama Neema, Dorchester
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naombeni msaada. Binti wa dada yangu anafunga ndoa kanisa la Trinity, pale Copley Square, Boston. Mjomba wetu ni padri Muheza na ukoo mzima umekubaliana yeye ndiye afungishe. Kanisani hawana neno, ilimradi askofu wa hapa aridhie. Nia ya kufunga ndoa wameshaandikisha City Hall, na kile kibali cha ndoa mnajua kinakufa baada ya siku 60. Sasa ofisi ya serikali ya jimbo la Massachusetts imerudisha maombi ya mjomba kwa sababu cheti chake cha upadri na barua ya askofu wake vyote ni vya Kiswahili. Wanataka tafsiri. Swali: inatosha mtu yeyote anayejua lugha zote mbili, au lazima iwe na mhuri wa notari? Wa dirishani alinijibu hivi, wa kwenye simu akanijibu vingine.

Baba Eric, Lowell
Pole sana Mama Neema. Sisi tulichukua kile kibali cha siku moja cha kufungisha ndoa. Unajaza mtandaoni, unalipa, basi. Shemeji yangu alifungisha na wala si mchungaji. Halafu hongereni, lile kanisa la Kigothiki ni zuri mno.

Mzee wa Worcester
Baba Eric, usimpotoshe mama wa watu. Kibali cha siku moja ni cha mtu ambaye si kiongozi wa dini. Padri anayetoka nje ya Massachusetts anaombewa ithibati kwa Katibu wa Jimbo, na ndiyo hiyo Mama Neema anayohangaika nayo. Kila msimu wa harusi watu humu wanachanganya hayo mawili, halafu maharusi wanajikuta na ndoa yenye maswali siku ya I-485, ile fomu ya kuomba green card.

Na Trinity si Kigothiki. Tazama matao yake: ni ya duara, mazito, hayakuchongoka juu. Msanifu wake, Henry Hobson Richardson, alisoma Paris na akapenda makanisa ya Kiromaneski ya kusini mwa Ufaransa na Hispania. Umbo la mnara alilichukua kwenye kanisa kuu la kale la Salamanca, na kijana wake wa ofisini, Stanford White, ndiye aliyelichora upya. Waliolijenga ni ndugu wawili wa Norcross, mafundi wa hapa hapa Worcester. Kuta ni matale ya Dedham, na urembo ni jiwe la mchanga la kahawia kutoka Longmeadow. Nenda nyuma, upande wa Clarendon, utaona mawe yamepangwa kwa rangi kama mkeka wa ukili. Yameachwa na uso wa kukwaruza, ukipitisha kiganja unahisi patasi ilipopita. Mtindo huo baadaye ulijaa Marekani nzima, kwenye mahakama, maktaba na stesheni za treni, hadi ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 1885 wasanifu wa nchi hii walipoulizwa jengo lao bora ni lipi, Trinity ndilo lililoongoza.

Rehema, Quincy
Mzee umenifurahisha, maana mimi nafanya usafi jengo la karibu na pale na kila siku nalipita. Niongeze hili ambalo watu hawalijui: lile kanisa limesimama juu ya miti. Mtaa ule wote, Back Bay, ulikuwa bahari ya kujaa na kupwa, wakaufukia. Trinity ya zamani ilikuwa Summer Street, ikateketea kwenye moto mkubwa wa Novemba 1872. Kiwanja kipya walikuwa wameshakinunua, lakini ni kifusi kitupu. Wakapigilia nguzo za mti kama 4,500, na juu yake wakajenga piramidi nne za matale kubeba mnara. Miti hiyo haiozi ikibaki ndani ya maji. Maji ya ardhini yakishuka, hewa ikaingia, ndipo inapoanza kuoza. Kwa hiyo hadi leo kina cha maji chini ya kanisa hupimwa. Richardson alitaka mnara mrefu zaidi, uzito ukamkatalia.

Na walipochimba msingi wa lile ghorofa la vioo la jirani, la sakafu 60, udongo ulisogea na kuta za kanisa zikapasuka. Kanisa lilikwenda mahakamani, na mwaka 1987 mahakama ya juu ya jimbo ikalipatia haki. Mimi hilo linanipa moyo sana.

Kuhusu tafsiri: USCIS, idara ya uhamiaji, wao hawataki notari. Mtafsiri anaandika tamko kwamba anazimudu lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi, anasaini.

Mzee wa Worcester
Rehema, hiyo ni sheria ya USCIS, ya shirikisho. Mama Neema kaulizia jimbo. Usizichanganye.

Mama Wanjiku, Lowell
Mimi naona tatizo kubwa si tafsiri. Huyo askofu wa Tanzania ameandika barua ya padri wake kwenda kufungisha ndoa kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani? Desemba 2006 maaskofu wa Tanzania walitangaza kwamba ushirika wao na Episkopali umeharibika vibaya, baada ya yule askofu wa New Hampshire aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenzake. Ulizeni mapema msije mkaaibika madhabahuni.

Mama Neema, Dorchester
Mama Wanjiku, barua ipo, ina mhuri na saini. Tafadhali tusiende huko.

Mtoto wa Mkunazini, Malden
Tusiende kabisa. Nataka kusema la nyumbani. Trinity iliwekwa wakfu Februari 1877. Krismasi ya mwaka huo huo, kule Unguja, ndipo ilipofanyika ibada ya kwanza ndani ya Kanisa la Kristo, Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa. Askofu Steere alilijenga kwa mawe ya matumbawe na saruji, paa ni tao moja refu, na watu walisema litaanguka. Halijaanguka. Marehemu bibi yangu alinionyesha duara jekundu sakafuni mbele ya altare, palipokuwa na mti wa kuchapia watu.

Nilipoingia Trinity mara ya kwanza niliona ukuta ule mwekundu na michoro ya La Farge hadi juu ya mnara kwa ndani, nikakaa kitako tu. Kasisi wao Phillips Brooks alihubiri dhidi ya utumwa tangu akiwa Philadelphia. Alitaka ukumbi mpana, watu wamzunguke, wasikie. Ndiyo maana kanisa ni kama msalaba wenye mikono sawa na hamna msitu wa nguzo katikati.

Mama Wanjiku, Lowell
Na sema pia Brooks hakuweka altare ya fahari. Ilikuwa meza ya ushirika tu. Upande wa mashariki ulipambwa upya mwaka 1938. Sisi wa CMS, wamisheni wa ibada zisizo na fahari, tungejisikia nyumbani zaidi kabla ya hapo.

Mtoto wa Mkunazini, Malden
Na sisi wa UMCA, wamisheni wa ibada za fahari, baada ya hapo, na ubani wetu.

Baba Eric, Lowell
Jamani, maegesho ya Copley siku ya Jumamosi mnayajua? Wageni wa Lowell tupande treni hadi North Station, kisha Green Line hadi Copley. Mama Neema, tuambie mapema kama kuna sare. Mafundi wa hapa wanachelewesha, na kitambaa kutoka Dar hukaa posta.